Tulipokwenda na Bibi Kumtazama Mumiani

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko binti au mpwa mwenye umri wa kwenda sekondari, naomba unisikilize kidogo katika Jumapili yako ya leo. Nataka kukusimulia habari ya picha moja ya mapenzi, ya banda moja la video, na ya mama yangu mzazi, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini usiku ule alinifunza jambo ambalo mimi na vyeti vyangu nilikuwa sijalijua.

Ilikuwa mwaka 2010. Mimi nilikuwa nikifanya kazi Dar es Salaam, na kwetu ni Lugoba, wilaya ya Bagamoyo. Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, nilipanda basi Ubungo Jumamosi asubuhi, nikapita Kibaha, Mlandizi na Ruvu mpaka Chalinze, pale njia inapogawanyika: moja yaenda Morogoro, na nyingine yashika kaskazini kuelekea Segera, Tanga na Moshi. Hiyo ya kaskazini ndiyo yetu. Ukishapita Msoga, hukawii kufika Lugoba, nawe utayatambua machimbo ya kokoto, na malori yaliyosheheni mawe yakishuka kwenda mjini. Majengo mengi unayoyaona yakichomoza Dar es Salaam yamejengwa kwa kokoto za huku kwetu.

Nyumbani alikuwapo mama pamoja na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa na umri wa miaka 16, naye yuko kidato cha tatu. Sisi Wakwere, kama jirani zetu Wazaramo na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo mjomba si mgeni wa kuandaliwa chai tu. Mtoto akiharibikiwa watu huuliza, "Mjomba wake alikuwa wapi?" Kwa upande wangu jibu la kweli lingekuwa kwamba mjomba alikuwa mjini, akija mara moja kwa mwezi na kilo mbili za sukari, na kila akija akiahidi kwamba ile baiskeli ya kwendea shule ataileta mwezi ujao. Mwendo wa kwenda shule ulikuwa wa saa nzima kwa miguu. Ahadi ya baiskeli ilikuwa na miezi minane.

Jumamosi ile mpwa wangu alinipokea mkoba kwa furaha iliyozidi kiasi. "Shikamoo, Mjomba." Hata sijamaliza kuitikia marahaba, akaanza kunibembeleza. Usiku ule kwenye banda la video ingeonyeshwa picha iitwayo Twilight. Shuleni wasichana wote walikuwa wakiizungumza, yeye peke yake hajaiona, na Bibi hamruhusu kutoka usiku. Je, Mjomba hawezi kumpeleka?

Habari za picha hiyo nilikuwa nimezisikia mjini. Ilitoka Marekani mwaka 2008, ikiongozwa na mama mmoja aitwaye Catherine Hardwicke, kutokana na kitabu cha mwaka 2005 cha mwandishi Stephenie Meyer. Vijana wa dunia nzima walikuwa wameipapia, hata ikafuatiwa na nyingine nne, ya mwisho ikitoka mwaka 2012. Nilimwuliza mpwa wangu inahusu nini.

"Mapenzi, Mjomba. Msichana anampenda kijana, kumbe kijana mwenyewe ni vampaya."

Mama alikuwa mkekani akichagua mchele. "Vampaya ndiyo nini?"

"Ni mtu anayeishi kwa kunywa damu za wenzake, Mama," nikamjibu.

Akauweka ungo chini. "Mumiani," akasema. "Kumbe siku hizi mumiani wanachumbia? Basi na mimi nakwenda."

Pengine wewe msomaji kijana hulijui neno hilo. Mumiani ni neno la zamani lililotujia kwa njia ya bahari kutoka Uajemi na Uarabuni. Hapo kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, iliyosifiwa kwa kuunga mifupa. Baadaye watu wakasema kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na mwishowe jina likawashukia hao waliodhaniwa kuikamua damu yenyewe. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki nzima. Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto na magari yao mekundu. Hapa kwetu walisemwa wapima ardhi, waganga wa hospitali, na kila mgeni mwenye gari asiyejulikana shughuli yake. Mwaka 1959, pale Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia kubwa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya visa hivi, kilichotoka mwaka 2000, akieleza kwamba ndani ya hadithi hizi wananchi walikuwa wakiusema utawala wa wageni kwa lugha yao wenyewe. Mama yangu alikua katika hofu hiyo. Walipokwenda kuokota kuni walikwenda wawili wawili, na wakisikia mngurumo wa gari waliingia porini.

Basi baada ya chakula cha jioni tukaondoka watatu, mama amejifunga khanga zake mbili na kushika tochi. Banda lilikuwa la mabati, lina mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na mashine ya kuchezesha santuri za video. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Kando ya televisheni aliketi kijana mwenye kipaza sauti, kazi yake kutafsiri. Wengi wenu mnaikumbuka kazi hiyo. Mjini aliyevuma kwayo alikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, na Uganda nako watafsiri wa aina hiyo walipata sifa kubwa. Kijana wetu wa Lugoba hakuwa na jina kubwa, lakini ulimi alikuwa nao. Neno vampaya hakulitumia hata mara moja. Alisema mumiani, na kila alipolisema akina mama wa benchi la nyuma waliguna.

Nikusimulie kwa ufupi. Msichana aitwaye Bella anahamia mji mdogo wa mvua nyingi uitwao Forks, katika jimbo la Washington, kuishi na baba yake, ambaye ni mkuu wa polisi wa pale. Shuleni kuna kijana mzuri ajabu, Edward, asiyekula na wenzake. Siku moja gari linateleza uwanjani karibu limponde msichana, na kijana analizuia kwa mkono mtupu. Banda zima likapiga makofi. Msichana anachunguza mpaka anagundua kwamba kijana yule ni mumiani, ila yeye na jamaa zake wameapa kunywa damu za wanyama tu. Akisimama juani, ngozi yake humeremeta. "Anang'aa kama bati jipya!" akatangaza mtafsiri, tukacheka sote.

Mama hakucheka sana. Alikuwa akitazama kama mtu anayesikiliza shauri barazani. Ilipofika mahali msichana anapomwuliza kijana umri wake, kijana akajibu kwamba ana miaka kumi na saba. Alipoulizwa amekuwa na umri huo tangu lini, akababaisha. Kumbe aligeuzwa mumiani mwaka 1918, alipokuwa akifa kwa homa kuu ya mafua ya mwaka ule.

"Mwaka 1918!" mama akaninong'oneza. "Huyu ni rika la marehemu baba yangu. Anatafuta nini kwa mtoto wa shule?"

Baadaye kijana akaonekana chumbani kwa msichana usiku, naye akakiri kwamba ana desturi ya kuingia na kumtazama akilala. Wasichana wa benchi la mbele wakashusha pumzi kwa utamu. Mama akauliza kwa sauti iliyosikika banda zima, "Mlango upo, kwa nini apite dirishani?" Mtafsiri mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka ndani ya kipaza sauti.

Lakini nisikudanganye kwamba aliikataa picha. Kijana alipokwenda nyumbani kwa msichana na kujionyesha kwa baba mtu, mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Na mwishoni, mumiani mwingine mwovu alipomng'ata msichana, na Edward akalazimika kuifyonza sumu kwenye jeraha huku damu aliyoitamani tangu mwanzo imo kinywani mwake, banda likanyamaza kimya. Akaweza kuacha. Mpwa wangu alikuwa akilia. Mama akasema polepole, "Amejizuia. Huyo kweli anapenda."

Tukarudi kwa miguu kando ya barabara kuu. Malori yalikuwa yakipita na taa zao. Moja lilipotufikia lilipunguza mwendo, likapiga honi mara mbili fupi, kisha likaenda zake. Mimi sikutia maanani. Malori hupiga honi. Ila mpwa wangu aliinamisha kichwa, na mama akahamisha tochi kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kusema neno.

Tulipofika nyumbani mama akakaa mkekani, akamwita mjukuu wake kwa utani wao wa siku zote.

"Mke mwenzangu, njoo hapa. Picha ni nzuri. Kijana nimempenda. Sasa niambie, huyu wako wa lori, ana miaka kumi na saba tangu lini?"

Ndugu msomaji, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Mtoto alitazama chini, kisha akaanza kulia, si kilio kile cha bandani. Mimi nikasimama, na maneno makali yakanijia mdomoni. Mama akanikamata upindo wa suruali. "Kaa, baba. Ukifoka atafunga mlango, nasi tutabaki kuchungulia dirishani."

Nikakaa. Habari ikatoka kidogo kidogo. Tangu masika dereva mmoja wa lori la kokoto alikuwa akimpa lifti kutoka shule. Siku ya kwanza mvua ilikuwa kubwa, naye amelowa. Baadaye ikawa kila siku lori likiwa njia ile. Alimwambia ana umri wa miaka 22. Alimpa simu ya mkononi, ambayo mtoto aliificha ndani ya gunia la mahindi. Na alimpa maneno haya, ambayo mpwa wangu aliyakariri kama mtu anayesoma sala: kwamba yeye dereva si mtu mwema, amekwisha kuwaumiza watu wengi, lakini tangu ampate yeye anajisikia kubadilika.

Hapo nikaelewa kwa nini mtoto aliitamani sana picha ile. Wenzake walikuwa wamemsimulia habari ya mwanamume wa hatari anayeokolewa na msichana mmoja tu duniani, naye alidhani ni habari zake mwenyewe.

Na Jumamosi iliyofuata, akasema, walikuwa wamepatana ampeleke Dar es Salaam kuona mji.

Nilitaka kuuliza kama kuna jambo limekwisha kutokea. Mama alinitazama mara moja, nikajua kwamba swali hilo si la mjomba. Zamani kwetu mwali aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi mambo ya mwili wake na ya watu wa kiume. Hayo yalikuwa ya wanawake. Nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe kwa muda ulioonekana mrefu kuliko safari yote ya kutoka mjini. Mama alipotoka aliniambia maneno mawili tu: "Bado. Tumewahi."

Fikiria maana ya neno hilo, wahi. Wakati ule mwanafunzi aliyepata mimba aliachishwa shule, na mlango haukufunguliwa tena. Utaratibu huo Serikali iliubadili Novemba 2021, na sasa msichana aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na mwanamume anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Ni mambo mema, nami nayaunga mkono. Hata hivyo, sheria hufika baada ya lori kuondoka.

Jumapili asubuhi nilikwenda na mzee mmoja wa kitongoji mpaka mahali malori yanapoegeshwa. Yule kijana wa miaka 22 alikuwa mtu mzima wa makamo, ameanza kuota mvi, ana mke na watoto. Nilimkabidhi simu yake. Mzee akamweleza kwa upole kwamba jina lake na namba ya lori vimeandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwamba akimsimamishia tena mtoto yule, karatasi hiyo itakwenda polisi. Aliipokea simu bila kuniangalia usoni. Barabara ile hatukumwona tena.

Jioni, kabla sijapanda basi kurudi kazini, nilimwuliza mama alijuaje. Akasema aliisikia honi ile mara tatu katika wiki mbili, kila mara mbili fupi, na kila mara mjukuu wake akawa na kazi ya ghafla huko nje. Alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia mazungumzo. Picha ikampa.

Kisha akanambia jambo ambalo ndilo hasa nililotaka ulipate leo. "Mwanangu, maisha yangu yote sikupata kumwona mumiani hata mmoja. Lakini gari nililiona. Tulipokuwa wasichana, mwenzetu mmoja alipanda gari la mpima ardhi. Alirudi baada ya miezi, amekonda, ana mimba isiyo na baba. Watu wakasema amenyonywa na mumiani. Hakunyonywa damu. Sisi tulikuwa hatuna maneno ya kusema alilofanyiwa, tukatumia hilo."

Nimelitafakari neno lile kwa miaka mingi. Hofu ya mumiani iliwalinda baadhi ya wasichana, sikatai. Iliwafunza wasipande gari la wasiyemjua. Lakini hofu isiyotaja jambo kwa jina lake huangukia kichwani mwa asiye na kosa. Ndivyo ilivyokuwa Buguruni mwaka 1959, na ndivyo ilivyokuwa kusini mwa Malawi mwaka 2017, ambako watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa kudhaniwa wanyonya damu. Kumtisha mtoto, basi, si kumlea. Kumkataza picha nako si kumlea. Ningalimkataza ile ya Jumamosi, angaliisikia kwa wenzake yote isipokuwa maswali ya Bibi.

Na kosa lililokuwa langu silifichi. Mtoto hakupanda lori kwa sababu ya picha. Alipanda kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, shule ilikuwa mbali, na mjomba wake alikuwa amesema "mwezi ujao" mara nane. Mahali palipo na pengo la mzazi, mtu mwenye gari hupaona upesi. Wiki iliyofuata baiskeli ilipakiwa juu ya basi.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2011. Mama ametutangulia mbele ya haki. Leo mpwa wangu ana binti yake anayekaribia umri ule, na juzi alinieleza wasiwasi wake: mtoto hahitaji tena banda, wala benchi, wala shilingi 200. Picha zote za mapenzi zimo ndani ya simu, naye huzitazama peke yake chumbani, amejiziba masikio kwa vipaza sauti vidogo. Hakuna mtafsiri, na hakuna bibi wa kuuliza kwa nini kijana amepita dirishani.

Nilimjibu hivi, nami nakujibu na wewe msomaji mwenzangu unayetoka kazini umechoka. Usimnyang'anye simu kwa kishindo. Jumamosi moja mwombe akuonyeshe picha anayoipenda. Kaa naye mkekani uitazame mpaka mwisho, hata kama usingizi unakujia. Cheka panapochekesha. Sifu panapostahili sifa, maana ukiponda yote hatakusikiliza. Kisha, taa ikizimwa, muulize taratibu swali moja la Bibi: huyu tunayempenda, ana miaka kumi na saba tangu lini?

Halafu unyamaze, umwache aseme.